Magari Yanayoinama: Sanaa Iliyokatazwa Barabarani

Majira ya joto yanapofika California, viwanja vya maonyesho hujaa magari ya zamani. Hupangwa safu kwa safu, boneti zimefunuliwa, buti ziko wazi, na chini ya mengine vimelazwa vioo ili waamuzi na watazamaji wauone uvungu uliong'arishwa kama kijiko cha fedha. Wenyewe huketi kando yake kwenye viti vya kukunja, pamoja na watoto na wajukuu, wakipangusa vumbi asiloliona mgeni. Tumeona yafaa wasomaji wetu, walioko katika kazi ya lugha na utamaduni, waijue historia ya baadhi ya magari hayo, kwa sababu ni historia ya watu waliokatazwa jambo lao barabarani, nao wakalitunza viwanjani mpaka sheria yenyewe ikachoka.

Kwanza hatuna budi kutenganisha mapenzi mawili ambayo aghalabu hukutana katika uwanja mmoja. Wako wahifadhi, ambao kwao gari bora ni lile lililobaki kama lilivyotoka kiwandani. Na wako waundaji, ambao huona kwamba kiwanda kimewapa malighafi tu: hukata paa na kulishusha, huondoa vitasa vya milango, hubadili taa, hupaka rangi tabaka juu ya tabaka. Kazi mashuhuri ya kundi hili la pili ni Mercury ya mwaka 1951, mali ya Bob Hirohata, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, ambayo ndugu George na Sam Barris waliiunda upya mwaka 1952. Mnamo mwaka 1959 kijana mmoja aliinunua kwa dola 500. Ilipouzwa kwa mnada mwaka 2022, bei ilipita dola 1,900,000.

Lakini makala haya hasa yanahusu magari mengine, yaitwayo loraida, yaani magari yaendayo karibu na ardhi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana wengi wa California waliopata gari walitaka liende mbio. Vijana wenye asili ya Mexico katika mitaa ya mashariki ya Los Angeles walitaka kinyume chake: gari liende polepole, limelala chini, ili yeyote aliyesimama kando ya njia apate wasaa wa kulitazama. Wasio na fedha za fundi walitia mifuko ya mchanga ndani ya buti. Wengine walikata springi. Haikuwa mizaha. Gari lilikuwa kuukuu, limenunuliwa kwa mshahara mdogo, na mwenyewe alitaka lionekane kuwa ni lake, si masazo ya mtu mwingine.

Serikali ya jimbo haikupendezwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilianza kutumika sheria iliyosema kwamba gari lililobadilishwa lisiwe na sehemu yoyote, isipokuwa magurudumu, iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Kwa hiyo polisi alihitaji kuinama na kupima tu, kisha faini ikafuata.

Jawabu lilitoka kwa Ron Aguirre. Mwaka 1959 aliweka katika gari lake aina ya Corvette pampu na vali za mafuta zilizotengenezwa kwa ajili ya ndege. Ufundi wake ni rahisi kueleza: pampu husukuma mafuta ndani ya mitungi iliyofungwa penye springi, na gari hupanda, mafuta yakirudi, gari hushuka. Dereva hahitaji kushuka wala kushika spana, kwani swichi iko karibu na mkono wake. Akimwona polisi, gari huinuka na kuwa la halali; polisi akipita, huinama tena. Basi sheria iliyokusudiwa kuiua sanaa hii ndiyo iliyoifundisha kucheza, kwa maana baadaye pampu ziliongezwa nguvu na betri zikajazwa katika buti, hata magari yakaanza kuruka mbele ya watazamaji, na urefu wa mruko ukapimwa kwa rula ndefu iliyosimamishwa kando.

Gari lililopendwa kuliko yote lilikuwa Chevrolet Impala, lililotolewa mara ya kwanza kwa mwaka 1958 likiwa na fremu yenye umbo la herufi X.

Uwanja wa kwanza wa sanaa hii ulikuwa barabara, hasa Whittier Boulevard. Vilizaliwa vyama vyenye majina na beji zao, kama vile Dukes kilichoanzishwa mwaka 1962, na mwanachama aliyeharibu sifa ya chama aliweza kupoteza beji yake. Tukumbuke hali ya watu hao wakati ule. Mwezi Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa shule za sekondari za mitaa hiyo walitoka madarasani kwa maandamano, na miongoni mwa malalamiko yao ni kwamba waliadhibiwa kwa kusema Kihispania shuleni. Mwalimu wa lugha hahitaji kufafanuliwa uchungu wa jambo hilo. Gari walikuwa wakiliita *ranfla*, neno la mitaani lisilo la darasani, na sisi ambao "gari" letu lilitoka Bara Hindi na "motokaa" yetu ikatoka Uingereza hatuna haki ya kuwacheka. Mwaka 1977 likaanzishwa San Jose jarida la Lowrider, lililoendelea kuchapwa hadi mwaka 2019.

Mwaka 1979 polisi walifunga Whittier Boulevard kwa matembezi hayo ya magari. Si uongo kwamba magenge yalikuwako na ugomvi ulitokea. Lakini adhabu ilimpata pia baba aliyetoka na wanawe Jumapili jioni. Miji mingine ilitunga makatazo yake, na hapo ndipo tunapoona umuhimu wa maonyesho. Gari lililosimama uwanjani haliendeshwi barabarani, kwa hiyo halina kosa. Na kile ambacho polisi alikiandika kuwa hatia, mwamuzi alikitolea kikombe.

Mfano ulio wazi ni Gypsy Rose, Impala ya mwaka 1964 ya Jesse Valadez wa chama cha Imperials. Rangi yake ni ya waridi, na juu ya rangi hiyo mchoraji Walt Prey alichora mawaridi kwa mkono, toka boneti hadi buti. Ndani mna mahameli na taa za vishada, utadhani ni sebule ya bibi harusi. Mamilioni ya Wamarekani waliliona katika utangulizi wa mchezo wa televisheni Chico and the Man, ulioanza mwaka 1974, pengine bila kujua kwamba linaweza kusimamishwa na polisi mtaani kwake.

Mwaka 2017 gari hilo liliingizwa katika orodha ya magari ya kihistoria ya Marekani, likawekwa ndani ya sanduku la kioo katika uwanja wa National Mall, Washington. Sheria ya California ilikuwa bado haijaguswa. San Jose ilifuta katazo lake mwaka 2022. National City, iliyokuwa nalo tangu 1992, ikafuata mwaka 2023. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Gavana Gavin Newsom alitia sahihi sheria mpya, na kuanzia tarehe 1 Januari 2024 miji haikuruhusiwa tena kukataza matembezi hayo, na kile kifungu cha kupima rimu kikaondolewa.

Jesse Valadez hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 2011, na gari lililoongoza msafara wa mazishi yake lilikuwa Gypsy Rose.