"Walikuja Watoto wa Chuo": Bibi, Maji Maji na Mpango Mkakati wa Mlimani

Haya wadau, najua nimepotea. Tulikuwa na tesiti tatu mfululizo, halafu boom likachelewa, na mtu mwenye njaa hana hamu ya kuandika chochote. Sasa nimerudi na stori ya historia, ndefu kidogo. Wanaotaka soga za bweni wasubiri wiki ijayo.

Ilianza darasani. Tulikuwa tunajadili mipango ya chuo kikuu chetu, hapa Dar es Salaam, ya kukuza utafiti. Kuna Dira ya 2061, mwaka ambao chuo kitatimiza miaka 100. Kuna mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu nchini, ulioidhinishwa mwaka 2021. Kuna tuzo ya shilingi milioni 50 ambayo wizara ya elimu iliitangaza mwaka 2022 kwa watafiti watakaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa. Na kila karatasi ya aina hiyo ina maneno mawili yanayotembea pamoja kama mapacha: utafiti bora, na manufaa kwa jamii. Jamaa mmoja wa nyuma akauliza, "Hivi hiyo jamii ni nani hasa?" Darasa zima likacheka. Mimi pia nilicheka.

Jumamosi nikampigia bibi yangu. Yuko Kipatimu, kwenye vilima vya Umatumbi, wilaya ya Kilwa. Nikamsalimia, akaitikia, akaniita mume wangu kama kawaida yake, akauliza siku hizi nasoma nini. Nikamwambia nasoma historia, nafikiria kuandika juu ya Maji Maji. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Watoto wa chuo walishakuja kuuliza hayo. Nilikuwa kigori. Walikaa na babu yangu siku mbili, nikawapelekea maji ya kunywa. Wakaandikaaa, wakaondoka."

Wadau, nilishtuka. Maana kipindi hicho nilikijua kwenye madesa tu.

Turudi nyuma. Chuo chetu kilianza Oktoba 1961 na kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi hawazidi 15, ndani ya jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Baadaye kikahamia huku Mlimani. Oktoba 1966 wanafunzi wakaandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere akawafukuza karibu 400. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata chuo kikafanya mkutano mkubwa kujiuliza kazi yake ni nini katika nchi ya kijamaa. Kwa lugha ya leo tungesema walikuwa wanaandika mpango mkakati. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wametoka kuona wenzao wakirudishwa makwao.

Idara ya historia ilikuwa na swali lake. Profesa wake wa kwanza, Terence Ranger, alifika mwaka 1963 baada ya kufukuzwa Rhodesia na serikali ya walowezi. John Iliffe aliandika makala nzuri juu ya Maji Maji mwaka 1967, ila ushahidi wake mkubwa ulikuwa nyaraka za Wajerumani, yaani za upande ulioshika bunduki. Upande wa pili ulikuwa vichwani mwa wazee. Kijana aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1905, pamba ilipong'olewa kule Nandete, mwaka 1968 alikuwa na miaka 73. Ukingoja utafutiwe fedha, umemkosa.

Basi wakafanya jambo ambalo mimi naliona la ujasiri kuliko mipango yote niliyosoma: wakawatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza. Sisi hawa hawa! Mwaka 1968, wakati wa likizo, vijana wakaenda kusini na daftari, wakakaa na wazee, wakaandika. Gilbert Gwassa alikuwa tayari anafanya kazi hiyo huko Umatumbi na Kilwa, na akaimalizia kwenye tasnifu yake ya mwaka 1973. Kutokana na kazi hizo tukajua vizuri habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na dawa yake ya maji, na za njwiywila, ule ujumbe wa kunong'onezana uliopita kijiji hadi kijiji kabla ya vita. Dar ikawa inasomwa duniani kote. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake ya Kinjeketile, na mpaka leo kuna watu wanaijua Maji Maji kwa sababu ya kitabu hicho tu. Ukitaka manufaa kwa jamii, hayo hapo, na hakuna aliyepewa milioni 50.

Nikaenda maktaba, sehemu ya Africana, kuzitafuta karatasi za mradi ule. Jina la mzee wetu sikulikuta. Labda liko kwenye faili ambalo sikulifikia, labda halikuandikwa. Lakini zipo habari za vijiji vya kwetu. Kurasa nilizosoma mimi zote zilikuwa za Kiingereza.

Nikatafsiri kurasa nne kwenye daftari, usiku nikampigia tena bibi na kumsomea. Nilipofika kwenye njwiywila alicheka sana, akalirudia neno hilo kwa Kimatumbi jinsi linavyotakiwa kutamkwa, maana mimi nilikuwa naliharibu. Nikaendelea hadi vita vilipoisha. Akauliza, "Basi?" Nikasema kurasa zangu zimeishia hapo. "Na njaa je? Babu alikuwa anatusimulia njaa. Mashamba yamechomwa, watu wanachimba mizizi. Vita alivitaja kidogo tu."

Hapo ndipo nilipobaki na simu sikioni sina la kusema. Maana mwaka 2010 wanahistoria, wakiongozwa na James Giblin na Jamie Monson, walitoa kitabu kizima kinachosema jambo la karibu na hilo: kwamba maswali ya mwaka 1968 yalitafuta zaidi umoja wa makabila na chimbuko la taifa, na mengine ambayo wazee waliyaona makubwa yakapita pembeni. Siwalaumu wale vijana. Nchi ilikuwa na miaka saba. Lakini bibi yangu angeweza kuwaambia hayo mapema kabisa, kama kuna mtu angerudi kumsomea alichokiandika. Hakuna aliyerudi.

Nimempelekea mwalimu mmoja wazo langu: kurudi Umatumbi na zile karatasi kwa Kiswahili, kuwasomea wajukuu wa waliohojiwa, na kuandika watakachosahihisha. Akaniuliza itachapishwa jarida gani. Nikasema sijui. Akasema nifikirie tena. Nimefikiria, na jibu bado ni lile lile.

Bibi naye ana masharti yake. Nisije na Kiingereza, niandike kwa herufi kubwa kwa sababu macho hayaoni vizuri, na nikae zaidi ya siku mbili. Likizo inaanza mwezi ujao. Boom limeshaisha, kwa hiyo mwenye kazi ya kuchapa tasnifu anitafute, natafuta nauli ya basi la Kilwa.