Kipande, Saini na Msasa

Kitambulisho cha Kenya kilizaliwa katika mashamba ya walowezi, na masharti ya kukipata bado yana harufu ya huko. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa 1915, lakini vita vikaichelewesha hadi 1919 na 1920. Tangu hapo kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16, akitoka nje ya eneo walilotengewa watu wake, alibeba kipande: karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara, ndani ya kikasha cha bati kilichoning'inia shingoni. Ukali wake ulikuwa katika saini ya mwajiri. Kibarua ambaye bwana wake hakumtilia saini ya kuacha kazi hakuandikwa kwingine, na akitoroka alisakwa kwa alama za vidole vyake. Mwanaharakati Harry Thuku aliupinga utaratibu huo. Alipokamatwa Machi 1922, polisi waliufyatulia risasi umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe, na watu zaidi ya 20 wakafa. Mwaka 1947 sheria mpya iliwataka watu wa rangi zote kujiandikisha. Walowezi waliotakiwa kutoa alama za vidole waliona wanadhalilishwa, hata wakaruhusiwa kutumia saini na picha. Walijua vyema, basi, walichokuwa wakiwafanyia wengine.

Wapo watakaosema hayo yamepita, kwamba kadi ya leo ni ya kupigia kura, kufungulia akaunti na kusajilia laini ya simu. Ni kweli, na wanawake nao wameandikishwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kilichobaki ni mpangilio wa nani amthibitishe nani. Kijana hupeleka cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi, kisha husubiri muhuri wa chifu, ofisi ileile iliyowahi kukusanya kodi na vibarua. Wanubi wa Kibra, ambao babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza, pamoja na Wasomali wa kaskazini, waliongezewa kikwazo: kupigwa msasa na kamati kabla fomu zao hazijapokelewa. Watetezi wa msasa hutaja usalama wa mpaka, na hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa Kenya imeshambuliwa mara nyingi. Lakini kamati inayomshuku mtu kwa jina na ukoo wake humkwamisha maskini asiye na karatasi, huku mwenye fedha akinunua njia. Ukaguzi wa haki huangalia stakabadhi, na huwa mmoja kwa wote.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kuondoa msasa huo katika kaunti za mpakani. Ni hatua njema, ila tamko la rais mmoja laweza kufutwa na la mwingine. Bunge na liandike katika sheria kwamba hakuna Mkenya atakayeulizwa ukoo wake ili apewe kitambulisho.