Kutu ya Ngano

Msomaji, ukipata kupita Njoro au Narok wakati ngano imekwisha kutoa masuke, simama uyatazame vizuri mabua yake. Huenda ukaona madoa mekundu kama kutu ya chuma kilichonyeshewa, na ukiyagusa, unga mwekundu utabaki kidoleni. Hiyo ndiyo kutu ya ngano. Ubaya wake mkubwa ni kwamba huzidi nguvu mwishoni mwa msimu, wakati mkulima amekwisha kulipa gharama zote, naye amekaa akihesabu magunia ambayo hajayavuna. Wahenga walisema kweli: kutangulia si kufika.

Adui huyu ni wa kale sana. Kila mwaka, tarehe 25 Aprili, Warumi walifanya sikukuu na kuchinja mbwa ili wamtulize Robigus, mungu wa kutu. Tusiwacheke watu hao, kwa maana hasara waliijua, ila hawakujua chanzo chake. Mwaka 1767 Mwitalia mmoja, Felice Fontana, aliitazama kutu kwa hadubini, akatambua kwamba ni kiumbe hai kinachomnyonya mwenyeji wake. Leo twakiita kuvu. Kuvu hiyo hupasua ngozi ya bua na kunyonya maji na chakula ambacho kingepanda kujaza punje. Suke huonekana limesimama, lakini ndani yake punje zimesinyaa. Na kila doa hutoa maelfu ya chembe nyepesi ambazo upepo huzichukua mamia ya maili.

Sasa tuitazame nchi yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamasai kutoka malisho yao katika Bonde la Ufa, ikawagawia walowezi ardhi hiyo. Mmoja wa walowezi hao, Lord Delamere, alipanda ngano huko Njoro. Ikamea vizuri, kisha kutu ikaiharibu. Ndipo akamwajiri, kwa fedha zake mwenyewe, mtaalamu wa kuzalisha mbegu. Mwaka 1927 kituo cha kuzalisha mbegu za ngano kilianzishwa papo hapo Njoro.

Huenda ukauliza, kwa nini kutu ina nguvu hivyo kwetu? Katika nchi za theluji, baridi kali huua sehemu kubwa ya kuvu hiyo mashambani. Katika nyanda zetu za juu ngano hupandwa nyakati mbalimbali: shamba moja likivunwa, jingine lingali bichi, na kutu haikosi pa kulala. Kwa hiyo Njoro pakawa mahali pa kuipima ngano. Wataalamu huchukua chavua ya ngano moja na kuitia katika ua la nyingine, kisha huwapanda watoto wake mahali penye kutu nyingi. Wanaodhoofika hutupwa, wanaosimama huhifadhiwa.

Kazi kama hiyo ilifanywa pia katika nchi nyingine, na kwa muda wa miaka thelathini hivi ngano nyingi za dunia zilikingwa na kinga moja iliyotoka katika nafaka ya rai. Watu wakadhani vita vimekwisha. Lakini mwaka 1998 kutu ya aina mpya ilionekana Uganda, nayo kinga ile haikuizuia. Ikaitwa Ug99. Ilivuka ikaingia Kenya na Ethiopia. Kufikia mwaka 2007 ilikuwa imethibitishwa Yemen na Iran. Mwaka 2005 Norman Borlaug, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1970 kwa kazi yake ya ngano, alikuja Kenya akiwa na umri wa miaka 91 kuuonya ulimwengu. Tangu hapo nchi nyingi zimekuwa zikileta ngano zao kupimwa Njoro.

Miongoni mwa mbegu zilizopatikana baadaye ilikuwa Robin, na wakulima wetu wengi waliipenda kwa mavuno yake. Lakini mwaka 2014 kutu ilipata njia ya kuishinda nayo, na mashamba yaliyokuwa na matumaini yakageuka mekundu.

Msomaji, hapo ndipo penye fundisho. Kutu hubadilika, basi na anayeilinda ngano hana budi kubadilika: kutotegemea kinga moja, kuzichanganya kadhaa katika mbegu moja, kupanda mapema, kung'oa ngano inayojiotea baada ya mavuno, kuyakagua mabua kila mara, na kunyunyiza dawa mara doa la kwanza linapoonekana, si baada ya shamba zima kushikwa. Mkate tulao asubuhi umelindwa na macho ya watu waliokataa kulala ngano ilipokaribia kuiva. Labda miongoni mwenu, ninyi mnaosoma haya darasani, yumo atakayeshika zamu hiyo kesho.