Mnara wa Siloamu na Feri ya Mtongwe: Mateso na Mungu wa Upendo Mombasa Bara

Sura ya 13 ya Injili ya Luka inaanza na vifo vya aina mbili. Kwanza wanatajwa Wagalilaya waliouawa na Pilato wakiwa katika ibada ya sadaka, kisha watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Msomaji wa Likoni hahitaji kuelezwa sana. Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa moja la Likoni wakawamiminia waumini risasi. Miaka ishirini kabla yake, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa haijafika mbali na gati, na watu 272 wakafa maji. Luka angeweza kuyakuta yote mawili ng'ambo ile moja ya kivuko.

Yesu anakana kwamba waliokufa walikuwa na dhambi kuliko wenzao. Baada ya hapo, na hili wahubiri hulipita mbio, hatoi sababu nyingine badala ya ile aliyoikataa. Anawageukia waliosimama mbele yake, akawaambia wao ndio watubu. Ninavyoona, theolojia ya mateso inayofaa Mombasa bara ingeanzia kwenye ukimya huo. Hoja nyingi za kumtetea Mungu zikifika huku huishia kumtetea mtu mwingine kabisa.

Tuitazame feri. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba abiria 300, na asubuhi ile ilikuwa na watu 400 hivi, wengi wakivuka kwenda kazini kisiwani. Mwenye kutaka kujua kwa nini watu walikufa angeanza na tarakimu hizo mbili. Lakini matangani husemwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na jirani Mwislamu hutaja kadari, maana bahari haikuuliza dini ya mtu. Simbezi mfiwa. Mama aliyezika mwana akisema hivyo, amepata pa kushika, na hakuna mwanatheolojia mwenye haki ya kumbandua mkono. Maneno yale yale yakitoka kwenye kipaza sauti, kinywani mwa mheshimiwa aliyekuja na bahasha ya rambirambi, hufanya kazi nyingine: yanafunga uchunguzi kabla haujafunguliwa.

Majibu ya wasomi wa Kikristo ni mengi, ila mawili ndiyo yanayorudi kila mara. Agostino, mwana wa Afrika Kaskazini, alifundisha kwamba uovu haukuumbwa. Ni upungufu wa wema, ulioingia pale viumbe walipoutumia vibaya uhuru wao. Mwaka 1974 Alvin Plantinga aliinoa hoja ya uhuru kwa mantiki ya kisasa: huenda hata Mungu mwenye uwezo wote asingeweza kuumba watu walio huru kweli na wakati huohuo kuhakikisha hawatendi mabaya kamwe. Njia ya pili inanasibishwa na Ireneo, na John Hick aliifufua mwaka 1966. Kwake dunia ni mahali pa kukomaza roho, na pasipo shida ujasiri na huruma havina pa kuotea.

Hoja hizi nataka zipimwe Owino Uhuru, kule Mikindani, mtaa uliokuwa ndani ya Changamwe kabla ya eneo bunge la Jomvu kumegwa. Tangu mwaka 2007 hivi, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi uliingia majumbani, maji machafu yakapita mitaroni mnamochezewa na watoto. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mwanawe aliyekuwa akinyonya aliugua, na vipimo vilipofanywa, madini ya risasi yalionekana damuni. Yalikuwa yamempitia kwenye maziwa ya mama yake. Omido alianza kampeni iliyochangia kiwanda kufungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Hapa jibu la Hick linavunjika, na linavunjika mahali mahususi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi damuni kinachojulikana kuwa salama. Sumu hiyo hushambulia ubongo unaokua: uwezo wa kujifunza, wa kutulia, wa kujizuia. Inamnyang'anya mtoto akili ile ile ambayo kwayo angefunzwa na mateso yake. Roho itakomazwaje kwa kuharibiwa chombo cha kukomaa? Hick mwenyewe alitambua kwamba yako mateso yasiyojenga chochote, akalisogeza jibu mbele, kwenye maisha baada ya kifo. Hiyo ni imani, nami naishiriki, lakini haielezi kwa nini mtoto wa Mikindani.

Plantinga anasimama vizuri zaidi, kwa sababu hakudai makubwa. Alitaka tu kuonyesha kwamba imani katika Mungu mwema haipingani na kuwapo kwa uovu. Hata hivyo, tuulize ni uhuru wa nani unaolindwa. Waliokiendesha kiwanda walichagua, na waliopaswa kukikagua walichagua. Mtoto hakuchagua. Hoja ya uhuru inaeleza jinsi mkosaji alivyopata nafasi ya kukosa, na haisemi lolote kuhusu sababu ya gharama kulipwa na asiyekuwamo.

Fikra za Kiafrika zina swali ambalo makanisa yetu yamelionea haya bure. John Mbiti, kasisi Mwanglikana kutoka Ukambani, aliandika mwaka 1969 kwamba katika jamii nyingi za Kiafrika msiba hauishii kwenye sababu ya kimwili; watu hutaka kujua ni nani aliyeuleta. Laurenti Magesa wa Tanzania alilikuza wazo hilo mwaka 1997: uovu hauelei hewani, hukaa ndani ya watu na matendo yao. Ni swali la hatari, na Pwani tunaijua hatari yake. Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na Kaya Godoma imekuwa kimbilio la walionusurika. Swali la nani bila ushahidi linaua. Likipewa ushahidi, lile lile linaweza kuwa mwanzo wa haki.

Ndivyo ilivyokuwa Owino Uhuru. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikagawa lawama kwa asilimia kati ya taasisi za serikali na kampuni zilizoshtakiwa. Mungu hakuwekewa asilimia yoyote. Rufaa ya mwaka 2023 ikaipindua hukumu, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kwa msomaji wa Luka, huku ni kusonga kutoka mnara hadi kwa wajenzi wa mnara, na toba ambayo Yesu aliwadai waliokuwa hai inapata mwili: leseni, ukaguzi, idadi ya abiria.

Lakini mtu makini ataniambia nimemhamisha Mungu nje ya kesi kwa urahisi mno. Ana haki. Mkomani, Nyali, upande uliokuwa ukihesabiwa Kisauni, liko kaburi la Rosina Krapf, aliyefariki tarehe 13 Julai 1844 baada ya kujifungua. Mtoto naye hakuishi. Rosina aliuawa na homa. Hakukuwa na mkaguzi wa kulaumiwa, na uhusiano wa mbu na malaria ulikuja kuthibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897. Mumewe, mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliiandikia kamati ya shirika lake, CMS, akilitafsiri kaburi lile kuwa dalili kwamba kazi imeanza, na kwamba kanisa husonga mbele juu ya makaburi ya watu wake. Mjane wa kiume anaweza kuusoma msiba wake hivyo. Tafsiri hiyo ilipogeuka kuwa hotuba ya kurudiwa kwenye maadhimisho, Rosina akawa jiwe la msingi bila kuulizwa.

Tena kuna lile la Likoni 2014. Risasi ilimuua mama, ikakwama kichwani mwa mwanawe mdogo, naye akaokolewa kwa upasuaji Nairobi. Wengi waliita muujiza. Sipingi shukrani yao. Ila anayesema mkono wa Mungu uliisimamisha risasi kichwani mwa mtoto lazima aseme mkono huo ulikuwa wapi ilipokuwa ikipita kwa mama. Shuhuda zetu za Jumapili zimejaa hesabu za nusu namna hii. Aliyekosa gari lililopata ajali husimama kushukuru, na nyuma ya kanisa ameketi aliyefiwa katika gari lilo hilo.

Kwa hiyo swali kwa Mungu linabaki, nami sioni kama imani inatutaka tulifunge. Katika kitabu cha Ayubu, Mungu anawakasirikia marafiki waliomtetea na kumsifu Ayubu aliyemlalamikia kwa kumtaja. Padri Emmanuel Katongole wa Uganda, aliyeandika mwaka 2017 juu ya maombolezo kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo, anaonyesha kwamba kulia mbele ya Mungu ni namna ya kumngojea, na kwamba walioomboleza hivyo ndio waliopata nguvu ya kusimama dhidi ya vita. Omido na wenzake walipeleka malalamiko mahakamani. Zaburi inatufundisha kuyapeleka na juu zaidi. Kuna ya 88, inayoishia gizani bila neno la faraja, na waliokusanya Maandiko hawakuona haja ya kuirekebisha.

Ningependa kuisikia Zaburi hiyo ikisomwa yote kwenye mazishi Likoni na Changamwe, kabla ya mheshimiwa kupewa kipaza sauti. Wachungaji watahofu kwamba inakatisha tamaa, na wako watakaosema wafiwa wamekuja kutiwa moyo. Wafiwa wenyewe hawajaulizwa.