Asili ya Jina la Wakilindi

Mtu wa pwani alisikiapo neno kilindi, mara hufikiri maji marefu ya bahari. Kwa hiyo huweza kudhani ya kuwa watawala wa kale wa Usambara waliitwa Wakilindi kwa sababu walivuka bahari. Dhana hiyo haina msingi. Sisi tukaao Bungu, milimani juu ya bonde la Korogwe, twaona yafaa kulieleza jambo hili kwa walimu wenzetu, maana hao ndio waulizwao na watoto shuleni.

Kilindi ni mahali katika nchi ya Unguu, magharibi ya Handeni. Na tangu 2002 ni jina la wilaya iliyokatwa katika wilaya ya Handeni. Huko ndiko masimulizi yamleteako Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu. Yasemwa ya kuwa alizaliwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota. Kwa desturi ya zamani mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi, akauawa. Mbegha aliachwa hai, lakini alipokuwa mtu mzima ndugu zake wakamnyima urithi. Akaenda Kilindi, akafanya urafiki na mwana wa mkuu wa mahali pale. Siku moja wakiwa mawindoni yule kijana akauawa na nguruwe. Mbegha akaogopa kisasi, akakimbilia milimani. Kwa kuwa alitoka Kilindi, wazao wake wakaitwa Wakilindi.

Washambaa walisumbuliwa na nguruwe waliokula mashamba yao. Mbegha akawaua, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Hata alipokwenda Vuga akaua simba, na tangu hapo mfalme akaitwa Simba Mwene. Akaoa katika koo za wenyeji, na wana wake wakatawala kwa wajomba zao. Hivyo mgeni akawa jamaa bila vita. Mambo hayo yakadiriwa kuwa ya nusu ya kwanza ya karne ya 18. Abdallah bin Hemedi ndiye aliyeyaandika katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa Magila kati ya 1895 na 1907.

Jina la nchi nalo lahitaji uangalifu. Wenyeji husema Shambaai, yaani nchi ya milimani, wakiitenga na nyika iliyo chini. Usambara ni matamshi ya wageni.

Ufalme ulifikia kilele chake chini ya Kimweri ye Nyumbai, ambaye Krapf alimzuru Vuga katika 1848 na tena katika 1852. Enzi yake ilifika mpaka pwani. Alipokufa katika 1862, wazao wake waligombana. Semboja wa Mazinde akapata bunduki kwa biashara ya misafara, na watu wengi wakauzwa utumwani. Wabondei nao wakaasi.

Washambaa wana maneno mawili ya kumpima mtawala: kuzifya shi, ndiyo kuiponya nchi, na kubana shi, ndiyo kuiharibu. Mvua ikinyesha na watu wakishiba, mfalme ameiponya nchi. Njaa na vita vikizidi, ameiharibu. Kwa mizani hiyo Mbegha aliiponya nchi kwa nyama na ukoo, na wazao wake waliouza raia zao waliiharibu.

Utawala wa machifu ulikoma katika Tanganyika mwaka 1963, lakini majina yangali vinywani mwa watu. Basi, walimu, mtoto akiwauliza habari za Wakilindi, msimwambie habari za bahari. Mwambieni habari za kigego aliyeponea chupuchupu, akawa mponya nchi. Kisha mwacheni ajiulize mwenyewe: ni wangapi waliouawa kwa sababu ya meno tu, na nchi ikakosa nini kwao?