Kura ya turufu, Tanzania na suala la Palestina

Tanzania ilivunja uhusiano na Israel mwaka 1973. Ilipoingia katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1975, ilikumbana ana kwa ana na kura ya turufu.

Januari 1976 balozi wake, Salim Ahmed Salim, ndiye aliyeongoza Baraza. Rasimu iliyodhaminiwa na nchi 6, Tanzania ikiwemo, ilitambua haki ya Wapalestina kuwa na dola huru, ikaitaka Israel iondoke katika maeneo iliyoyateka mwaka 1967, na kutaka mataifa yote ya eneo hilo yahakikishiwe usalama. Ilipata kura 9. Marekani peke yake ikaipinga kwa turufu, na rasimu ikaanguka.

Juni mwaka huohuo ikaanguka rasimu nyingine kuhusu Wapalestina, kwa kura 10 dhidi ya 1 ya Marekani.

Tanzania ilirejea Barazani mwaka 2005. Mwaka 2006 iliunga mkono rasimu 2 kuhusu Gaza, Julai na Novemba. Zote zilizuiwa na turufu ya Marekani.