Vita ndizo zilitupa majina



Tunapoandikisha familia zilizorudi Masisi na Walikale, swali la mwaka wa kuzaliwa ndilo linachukua muda mrefu. Wazee wengi hawana karatasi. Wanatutajia vita, na sisi tunahesabu.

Mtu akisema alizaliwa "wakati wa Kanyarwanda", tunajua ni ile vita ya Masisi iliyoanza 1963. Wengine wanahesabu na Mobutu: mwaka wa 1972 alikataza majina ya kikristo. Ndiyo sababu katika nyumba moja mkubwa ni Jean, mdogo ana jina la babu tu. Wengine ni wa Ntoto: tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa kwenye soko la Ntoto, Walikale, kisha vita ikaingia Masisi.

Mwaka wa 1996 vita ya AFDL ikafika, na watoto walioshika bunduki wakaitwa kadogo. Neno lenyewe si tusi. Lakini leo wengine wamepita miaka 40, wana watoto wao, na kijijini wangali kadogo.

Kuna jina lingine zito zaidi, la mwaka wa kufika. Kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta familia kutoka Rwanda kulima Masisi. Wengine wakakimbilia huku mwaka wa 1959. Mjukuu aliyezaliwa hapa hapa bado anaulizwa: ninyi ni wa mwaka gani? Hapo jina la kizazi linageuka kesi ya shamba.

Sasa tuko na watoto waliozaliwa chini ya mahema, Bulengo, Kanyaruchinya na kambi zingine. Sheria inampa mzazi siku 90 za kuandikisha mtoto kwa Eta-Sivil. Zikipita, lazima hukumu ya tribunali. Katika kukimbia huku na kule, wengi zimewapita. Tukinyamaza, kesho nao watasema tu: "nilizaliwa kambini," na mtu atawauliza ni watu wa wapi.

Tunaomba kila mzazi alete karatasi ya hospitali kama anayo, ao shahidi aliyekuwapo wakati wa kuzaliwa. Wafadhili, msaada wenu kwa gharama za tribunali ni wa lazima. Vita imekwisha kuwapa wazazi wao majina. Hawa watoto wapewe tarehe.